Ziwa Tanganyika halikugunduliwa 1858

Kukiwa na chemsha bongo hapa Kigoma, swali hili halikosi: nani aligundua Ziwa Tanganyika? Jibu linalopewa alama ni wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, mwaka 1858. Naomba walimu wetu na waongoza watalii waliache swali hili, na nina sababu.

Limetoka kwenye kitenzi cha Kiingereza, discover. Wenye lugha yao wanakitumia kwa namna mbili. Ya kwanza ni kujua jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulijua. Ya pili ni kujua jambo ambalo wewe tu hukulijua. Mgeni akila samaki wetu, mgebuka mtamu, pale Mwanga hapa mjini anaweza kusema ame-discover mgahawa, na mama ntilie aliyepika hatashangaa. Kiingereza kinaruhusu. Lakini Kiswahili hakimruhusu mtu "kugundua" mgahawa wenye wateja tele. Ameupata, ameujua, basi. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji akisomeshwa kwamba ziwa liligunduliwa 1858, anachoelewa ni kwamba kabla ya hapo hakuna aliyelijua, babu zake wakiwamo.

Na tukitazama siku yenyewe ilivyokuwa, kitenzi hicho kinazidi kupwaya. Burton na Speke walipita njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, na huko mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza habari za maziwa yaliyo mbele. Waarabu na Waswahili walikuwa tayari wanafanya biashara Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa wanaijua safari hii ya ziwani. Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulipanda kilima cha mwisho. Burton alikuwa amedhoofishwa na homa, miguu haina nguvu. Speke alikuwa anaumwa macho kiasi kwamba mbele yake aliona ukungu na mng'aro tu. Burton akaona kitu kinang'aa kule chini, akamuuliza Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyekuwa kwenye msafara wao, ni nini kile. Bombay akamjibu kwamba anavyodhani yeye, yale ni maji. Burton mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya.

Yaani mmoja haoni, mwenzake anaonyeshwa. Sisemi hawakufanya kazi. Walipima, walichora ramani, walivumilia maradhi ambayo yangewaua, na Ulaya ilijua kupitia wao. Hayo yana maneno yake: walifika, walipima, walitangaza. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi, lenye mitumbwi, masoko na watu wanaokula samaki wake kila siku, halikuwa likisubiri kugunduliwa.

Bombay huyo alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani utotoni akapelekwa India, na ndiyo maana yeye na Speke walielewana kwa Kihindustani. Mwaka 1871 alirudi Ujiji na mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa anamtafuta mmisionari Daktari Livingstone. Kisha akavuka bara zima na msafiri Mwingereza Cameron hadi pwani ya Atlantiki, na mwaka 1876 Jumuiya ya Kijiografia ya London ikamtunuku medali ya fedha. Wanafunzi wangapi wa Kigoma wanalijua jina lake? Hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Habari za Stanley na Livingstone zina nafuu kidogo, kwa kuwa Stanley mwenyewe alisema "alimpata" daktari. Hata hivyo Livingstone hakuwa amewapotea watu wa Ujiji. Stanley aliambiwa njiani, na msafara uliokuwa unatoka huko, kwamba kuna mzungu mzee amefika. Alipoingia mjini, wa kwanza kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye alikimbia kumpa bwana wake habari.

Kugundua kuna mahali pake hapa kwetu, na mahali hapo ni Gombe, msitu wa sokwe kando ya ziwa. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika mwaka 1960. Baada ya miezi ya kuwafuata sokwe kwa mbali, alimwona dume mmoja ameketi kwenye kichuguu, anachomeka unyasi tundunimo, anautoa taratibu umejaa mchwa, anawala kwa midomo. Akaona pia sokwe wakipukutisha majani kwenye vijiti ili vifae kazi hiyo. Wataalamu walikuwa wanaamini kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Hakuna aliyemnong'oneza jibu. Alikaa akatazama mpaka akaona, na wataalamu wakalazimika kubadili walichokuwa wanafundisha. Huo ni ugunduzi, na naona fahari kwamba ulifanyika mkoani kwetu.

Kwa chemsha bongo ijayo napendekeza swali hili: Februari 1858, nani alimwambia Burton kwamba kile kinachong'aa ni maji? Na kwa waongoza watalii wa makumbusho ya Ujiji: mnapowaeleza wageni mkutano wa Stanley na Livingstone wa 1871, tajeni Bombay na Susi kabla hamjafika kwenye maneno maarufu ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?"