Ziara ya darasa la tano, mwanafunzi ni baba

Mwenzenu niko kitandani tangu jana, kiuno hakinyanyuki. Sijabeba zege wala sijahamisha kabati la mtu. Nimekwenda ziara ya mafunzo ya darasa la tano.

Ilianzia kwenye grupu la wasapu la wazazi. Tangazo liliingia saa nne usiku, muda ambao mtu huna hata akili ya kujitetea: watoto wanakwenda Bagamoyo kujifunza historia, mchango shilingi 40,000, na anatafutwa mzazi mmoja wa kujitolea kuwasindikiza. Mama watoto akachukua simu yangu pale mezani, akaandika, "Nipo tayari mwalimu." Nikamiminiwa vikono vya makofi. Unatokaje hapo?

Bagamoyo ni kilomita 70 hivi kutoka hapa Dar. Nimezaliwa Magomeni, ndevu zimeingia mvi, na sikuwahi kuitia mguuni. Basi nikasema moyoni, potelea mbali, nami nikatembee.

Tuliambiwa saa kumi na mbili kamili asubuhi. Tukaondoka saa mbili na nusu. Nikapewa kiti cha kukunja cha katikati, kile ambacho kila mtoto anayetaka kwenda kumshitaki mwenzake kwa mwalimu, wewe unasimama, unakunja, anapita, unakunjua, unakaa, anarudi. Kufika Tegeta walikuwa wameshamaliza chakula cha mchana. Chote. Kufika Bunju kikaanza kurudi.

Sasa sikilizeni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, mimi sipingi, mazingira yetu. Lakini kuna mtu kati yenu amewahi kumtapikisha mtoto kwenye mfuko mbadala? Ule wa kitambaa? Ule si mfuko, ule ni chujio la tui. Machicha yanabaki ndani, tui linakuja kwenye suruali ya mzazi wa kujitolea.

Tukaanzia Kaole, kwenye magofu. Mwalimu akagawa karatasi ya maswali kumi kwa kila mtoto. Binti yangu akaitazama yake, akanitazama mimi, akasema, "Baba, niandikie kidogo, nakuja." Akaondoka na wenzake kwenda kuchungulia shamba la mamba lililo jirani. Nikabaki na karatasi, kalamu, na mabegi sita ya watoto ambao hata siwajui.

Nikaanza kumfuata mtembeza wageni kama katibu kata. Msikiti wa karne ya 13, nikaandika. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, nikaandika. Makaburi yana minara, na kuna kisima ambacho bahari iko pua na mdomo lakini maji yake ni baridi, hayana chumvi. Halafu kuna mbuyu mkubwa, wa zamani mno, inasemekana ukiuzunguka unaongezewa miaka ya kuishi. Watoto wakaanza kuuzunguka mbio. Mtembeza wageni akaniambia, "Karibu mzee, na wewe zunguka." Nikapiga hesabu: mdogo wake huyu binti bado yuko chekechea. Miaka yote hiyo ya nyongeza ni ya kulipa ada. Nikakaa zangu kivulini.

Mjini tukapelekwa ilipokuwa kambi ya misafara. Hapo nikapata uchungu kweli. Kumbe wapagazi walitembea kutoka Ujiji, kutoka Tabora, na mapembe ya ndovu mabegani, mpaka hapa pwani ndipo wakabwaga mizigo, na wengine wanasema ndiko lilikotoka jina: bwaga moyo. Nikajitazama. Mabegi sita, chupa nne za maji, kandambili moja isiyo na mwenyewe. Na wale wapagazi, alituambia yule bwana, walikuwa wanalipwa! Mimi nimelipa 40,000 ndiyo nibebe.

Kwenye Boma la Wajerumani mtoto mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Mjomba, kwa nini makao makuu yalihamishiwa Dar mwaka 1891?" Mwalimu yuko pembeni, ananisikiliza. Jasho. Mtembeza wageni akaniokoa: maji ya Bagamoyo ni mafupi, meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, Dar ikawa na bandari nzuri zaidi. "Na sasa yako Dodoma," akasema yule mtoto. "Dodoma kuna bandari?" Nikamwambia kanywe maji.

Tukamalizia misheni ya Wakatoliki, ya tangu 1868. Kuna mbuyu umemeza mnyororo uliofungiwa punda, kimebaki kipande kidogo tu cha chuma kinachungulia kwenye gome. Nikakitazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kuna na mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwaka 1874. Kina Susi na Chuma walimbeba kwa miguu miezi tisa, kutoka huko ambako leo ni Zambia. Miezi tisa! Na hakuna aliyepita kwenye grupu kuomba nauli ya nyongeza, kama tulivyoombwa sisi tukiwa Mapinga eti mafuta yamepanda.

Kurudi, watoto wakalala wote. Mmoja begani kwangu, mmoja gotini, kiti cha kukunja kikagoma kukunjuka, nikafika Mwenge nimejipinda kama ndoano. Nikamuuliza binti yangu, "Umejifunza nini leo, mama?" Akasema, "Mamba anakaa mdomo wazi saa nzima hapepesi. Tulidhani wa plastiki." Basi. 40,000.

Leo jioni amerudi na ile karatasi imesahihishwa. Nimepata saba kati ya kumi. Nimekoseshwa mwaka wa misheni kwa sababu nane yangu inafanana na sita. La tisa, "Eleza kwa nini ulifurahia ziara," niliacha wazi. Na chini kwa wino mwekundu: "Umezembea, mwandiko umeharibika. Mlete mzazi."

Kesho asubuhi naenda. Sijui naingia kama nani.