Meno ya bandia yafuate mtu, sio kanuni

Sisi wa Mtwara tukienda kuweka meno ya bandia tunauliza bei tu, hatuulizi saizi inatoka wapi. Mtu ameng'olewa yote, hakuna la kuangalizia, kwahiyo anapimwa uso. Kuna kanuni ya miaka zaidi ya 100 inayosema jino kubwa la mbele juu upana wake ni sehemu ya 16 ya upana wa uso kutoka mfupa wa shavu hadi mfupa wa shavu, yaani uso wa milimita 136 unapewa jino la milimita 8.5. Nyingine ni ya pua, unashusha mistari miwili kutoka pembeni mwa pua, inapoangukia ndo chonge zikae.

Sasa hizi kanuni zilianza kwa madaktari wa Marekani na Ulaya wakipima watu wao. Pua zetu kwa wastani ni pana kuliko zao, ukiufuata mstari kama ulivyo chonge unaweza kuzipeleka mbali kuliko zilivyokua. Na mimi sikubali pia kwamba dawa ni kutunga kanuni ya kila kabila, maana hapa mjini kuna Mmakonde, Mmakua, Myao, Mmwera, Muarabu, Muhindi na waliochanganya damu, utamshikia yupi rula ipi? Ni kweli watu wa kusini mwa Sahara kwa wastani wana meno makubwa kidogo kuliko Wazungu, na wenyeji wa asili wa Australia wanajulikana kwa meno makubwa sana, ila ndani ya kabila moja watu wanapishana kuliko wastani wa kabila na kabila unavyopishana.

Halafu jino na uso havikui pamoja. Jino la mbele la ukubwani linatoka mtoto ana miaka 7 au 8, tayari lina upana wake wote, uso ndo kwanza unakua mpaka ujanani. Vinalingana kidogo tu.

Shangazi yangu wa Tandahimba alirudi na meno madogo, meupe pee, yamebanana, na yule alikua na mwanya ambao kila mtu alimjua nao! Hakuna aliyemuuliza. Iliniuma sana, kwa sababu huku kwetu jino sio la kutafunia tu, Wamakonde wa zamani walikua wanayachonga mpaka yana ncha, sura ya mtu ilikua hapo.

Kwahiyo mkimpeleka mzee bebeni picha zake za zamani anazocheka, hata ya harusi, na kama bado ana meno ya mbele ombeni yachukuliwe vipimo kabla hayajang'olewa. Ukubwa, rangi, mwanya, vyote semeni siku ile meno yanajaribishwa yakiwa bado kwenye nta, hapo fundi anaweza kuyasogeza, yakishamwagiwa plastiki ngumu ni kazi kuyafumua.