Hakumuuliza Jina

Juzi usiku niliiangalia tena The Pianist, filamu ya mwaka 2002 kuhusu Władysław Szpilman, mpiga piano Myahudi wa Warsaw aliyenusurika Vita Kuu ya Pili. Wengi huikumbuka pale anapomchezea Chopin kapteni wa Kijerumani aliyemkuta amejificha kwenye magofu. Mimi kinachoniumiza ni kile kinachofuata. Kapteni yule, Wilm Hosenfeld, anamletea mkate, na siku ya kuagana anamwachia koti lake. Anamuuliza jina, ili vita vikiisha amsikilize redioni. Szpilman anataja lake. La kapteni haulizi.

Vita vinaisha, sasa Hosenfeld ndiye mateka. Anamwita mwanamuziki anayepita nje ya seng'enge, anamsihi amwambie Szpilman. Jina la kapteni halisikiki vizuri. Szpilman anapofika pale, mateka wameshahamishwa, limebaki shamba tupu. Kapteni alifia kifungoni kwa Wasovieti mwaka 1952.

Wapo wanaosema mtu aliyevaa sare ile hadai shukrani. Sare siitetei hata kidogo. Lakini mkate ule ulimlisha mtu, na mtu huyo akaishi hadi mwaka 2000, akafika miaka 88.

Naandika nikiwa Tengeru, karibu na Arusha, ambako kuanzia mwaka 1942 waliwekwa wakimbizi wa Kipolandi, karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao bado yapo, na majina yanasomeka. Nikipita pale huwa nayasoma moja moja, maana nina jina ninalolitafuta mimi.

Miaka mitatu iliyopita baba yangu aligongwa na gari barabara ya Moshi, jioni ya siku ya soko. Watu walijaa wakiangalia. Kijana mmoja wa bodaboda akamfunga mguu kwa kitenge, akampakia, mama mmoja akakaa nyuma kumshikilia, wakamfikisha hospitali. Pesa ya kufungulia faili kijana yule aliitoa mfukoni mwake. Tulipofika alikuwa ameshaondoka. Nesi alikumbuka koti la mvua la njano tu. Nimeuliza kijiwe kwa kijiwe hadi Usa River, na baba hajaacha kuniuliza, "Yule kijana umempata?"

Kaka, kama ni wewe unasoma hapa: mzee anatembea. Jumatano na Jumamosi yupo soko la Tengeru, upande wa ndizi. Njoo umtajie jina lako.