Sikuzimia, ni paka

Najua wengi wenu mmeshaiona ile klipu. Rafiki yangu, ambaye simtaji jina maana bado namdai elfu kumi, kaisambaza na maneno "jamaa kazimia kwa kuogopa kupanda ndege". Uongo mtupu. Nilikaa chini mwenyewe, na sababu ni paka.

Jana jioni nyumbani Ngamiani, Tanga, dua imeshasomwa, pilau imeshaliwa, likabaki begi. Mnajua naenda Ujerumani mwaka mzima kujitolea kwenye nyumba ya wazee, kwa mpango wa weltwärts, ule ulioanza 2008 kwa kuwaleta vijana wa kwao huku, baadaye na sisi tukafunguliwa njia. Tiketi inaniruhusu kilo 23. Mjomba, mstaafu wa bandari, akasema mzigo haupimwi kwa macho. Akaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, akaifunga kwenye tawi la mwembe. Mshale ulikuwa unasoma kilo moja kabla hata hatujatundika kitu. Ukikuta hivyo, itoe kwenye hesabu. Begi likasoma 29, yaani 28.

Machungwa ya Muheza nje, maana Ulaya hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Nazi haidaiwi cheti, ila nzito mno. Samli ya bibi nje, kwa kuwa vitu vya maziwa na nyama ni marufuku. Bibi akauliza, "Na papa je?" Hapo ningenyamaza. Nikamjibu samaki wanaruhusiwa, hadi kilo 20. Bibi akaenda jikoni bila kuaga.

Bado tulikuwa tumezidi. Dawa yake inajulikana: kizito kinavaliwa. Nikapiga sweta, buti, na lile koti la mtumba la manyoya ya bata, zipu hadi kidevuni. (Pawabenki nayo mnaiweka mkononi, siyo kwenye begi la chini, msije mkafunguliwa mizigo.) Joto la Tanga mnalijua. Jasho likaanza mgongoni, likashuka hadi kwenye soksi.

"Ishirini na tatu juu ya alama!" Mjomba akatangaza. Vigelegele.

Nisichojua ni kwamba uzito haukupungua kwa koti peke yake. Shangazi alikuwa kaupunguza kimyakimya: papa wote wa bibi kawahamishia kwenye mifuko ya koti. Papa mkavu akipata joto na jasho, anarudi baharini.

Akaja paka mmoja, wa jirani, mweupe. Akakaa mbele yangu. Akanitazama mfukoni. Nikamwambia "shiii", akapiga chafya, hakuondoka. Wa pili akashuka ukutani. Wa tatu ana jicho moja, na hilo jicho lilikuwa kwangu. Nikashika zipu niivute chini: imeuma bitana. Nikavuta kwa nguvu, ikazidi kuuma. Yule wa jicho moja akapanda buti. Akapanda goti. Kucha nikazisikia pajani, taratibu, moja moja, na watu wote kimya, simu juu. Nikarudi nyuma, nikalishika begi nisianguke, tawi likalia kwa! Begi chini, mimi juu ya begi, paka juu yangu. Klipu inaanzia hapo, eti.

Mengine mafupi. Shangazi akapaka sabuni ya mche kwenye meno ya zipu, akavuta bitana kurudi nyuma kwanza, siyo zipu mbele, ikaachia. Mizani ya watu imepinda, mjomba analipa. Papa karudi ndani ya begi, sweta moja limebaki kwa bibi.

Nasafiri Ijumaa na koti bado linanuka. Anayejua namna ya kutoa papa kwenye manyoya ya bata aseme mapema, na msinitajie ndimu, za nyumbani zimeisha zote.