Mchoro huria wa mzinga: kipi kibadilike, kipi kisiguswe

Mchoro wa mzinga wa nyuki unaotolewa bure, wenye leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadili na kuusambaza, humwokoa fundi wa nyumbani na kazi ya kubahatisha vipimo. Faida nyingine ni kulingana kwa vifaa: fremu (mbao nne zinazozunguka sega) ya mfugaji mmoja huingia kwenye sanduku la mwenzake. Mzinga wa Langstroth, sanduku la fremu zinazotoka, uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, umedumu kwa sehemu kwa sababu hiyo.

Wasiwasi wangu ni huo uhuru wa kubadili. Kati ya fremu na ukuta inatakiwa nafasi ya milimita 6 hadi 9. Ikipungua, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikizidi, hujenga sega humo, na fremu haitoki bila kupasua asali na majana (watoto wa nyuki). Fundi akitumia mbao nene zaidi huku akishika vipimo vya nje, nafasi hiyo ameshaila.

Ndiyo maana kwa anayeanza na msumeno wa mkono napendelea mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya sanduku, ambavyo nyuki huning'iniza masega chini yake bila fremu. Viunzi hugusana, kuta zimeinama, na makosa madogo ya sanduku husameheka. Upana wa kiunzi hausameheki: karibu milimita 32 kwa nyuki wa Afrika, 35 kwa wa Ulaya. Kosa la milimita 1 katika kila kiunzi, kwa viunzi 28, ni milimita 28, karibu nafasi ya sega zima. Masega huanza kuvuka kiunzi hiki hadi kile, na hapo hunyanyui kimoja peke yake.

Michoro ya plaiwudi ya kukatwa kwa mashine ya kompyuta, inayoshikana kwa ndimi na matundu bila misumari, ni ya haraka na sahihi kweli. Lakini plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 18 huweza kuwa 17.4. Ulimi unacheza, sanduku linayumba, mvua inaingia. Ikiwa nene kuliko mchoro, ukigonga kwa nyundo tabaka zinaachana. Tena biti (kisu cha mviringo cha mashine) ya milimita 6 huacha kona ya ndani ya mviringo, kwa hiyo ulimi wa pembe kali haukai hadi tundu la kona litanuliwe kidogo.

Basi pima unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu kadhaa za ubao, ingiza kipimo hicho kwenye faili, ongeza milimita 0.1 au 0.2 ya nafasi, kisha kata kiungo kimoja cha majaribio kabla ya ubao wote. Kingo za plaiwudi hunywa maji kuliko uso wake. Zipake rangi mara mbili kwa nje, ndani acha mbao tupu.

Mchoro ninaouamini huandika vipimo vya ndani na upana wa kiunzi kama visivyoguswa, na unene wa mbao kama namba ya kujaza mwenyewe. Mchoro unaotoa vipimo vya nje peke yake, hata ukiwa bure, usiukatie mbao.