Maji ya barafu na kinga ya mwili: asilimia 29 ya nini?

Kwetu mtoto akioga maji ya baridi asubuhi ya Juni huambiwa atapata nimonia. Siku hizi kwenye simu tunaona watu wamejitosa kwenye mapipa ya barafu wakisema kinga yao imeimarika. Nimonia huletwa na bakteria na virusi, si ndoo ya maji, kwa hiyo la kwanza tuliache. La pili lina hoja za kupimwa.

Hoja nzito kuliko zote inatoka Uholanzi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulihusisha watu 3,018: wengine waliendelea kuoga kama kawaida, wengine walimalizia shawa ya moto kwa maji ya baridi, sekunde 30, 60 au 90, kila siku kwa siku 30. Waliomalizia na baridi walipunguza kukosa kazi kwa sababu ya ugonjwa kwa asilimia 29. Wauza mapipa huishia kusoma hapo. Lakini siku ambazo watu walijisikia wagonjwa hazikutofautiana. Yaani mafua waliyapata vilevile, ila waliamka wakaenda kazini. Sekunde 30 nazo zilifaa sawa na 90. Na kwa kuwa huwezi kumficha mtu kwamba amemwagiwa maji ya baridi, sishangai kama baadhi yao waliona haya kuomba ruhusa.

Kuna na utafiti wa Nijmegen, mji wa Uholanzi, wa 2014. Watu 24 walidungwa sumu ya bakteria. 12 kati yao walikuwa wamefundishwa mbinu za Wim Hof, Mholanzi maarufu kwa kuvumilia barafu. Hao walipata dalili chache za homa, na viashiria vya uvimbe wa ndani (inflammation, yaani mwitikio wa kinga) kwenye damu vilikuwa chini. Hilo si dogo. Tatizo ni kwamba walijifunza baridi, kutafakari na zoezi la pumzi (kupumua haraka na kwa kina, kisha kuzuia pumzi) kwa pamoja. Watafiti walipokuja kuvitenganisha, baridi peke yake haikufua dafu. Pumzi ndiyo iliyopandisha adrenalini, homoni ya mshtuko inayotuliza uvimbe huo, baridi ikaiongezea nguvu tu.

Na zile chembe nyeupe za kinga ambazo mashabiki wa barafu husema zinaongezeka kwenye kipimo cha damu? Adrenalini huzisukuma kutoka kwenye kuta za mishipa na bandama. Ni askari wale wale waliotolewa kambini wakapangwa barabarani. Hakuna aliyeajiriwa upya. Mapitio ya tafiti 11 yaliyotoka Australia 2025 yaliona uvimbe ukipanda mara tu baada ya kutoka majini na saa moja baadaye.

Anayetaka kujaribu kwa ajili ya uchangamfu, sina ugomvi naye. Ajue tu hesabu. Lita 140 za maji ya bomba yenye nyuzi 26 zinahitaji kilo 16 hivi za barafu kushuka hadi nyuzi 15. Vipande viwili vitatu vya friji ni mapambo. Aingie taratibu, miguu kwanza, asijirushe, na pembeni awepo mtu. Sekunde 30 za mwanzo ndizo mbaya zaidi: pumzi hukatika, mtu hutweta bila kutaka, presha na mapigo hupanda. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Dakika mbili zinamtosha anayeanza. Akitoka ajikaushe na avae mara moja, kwa sababu joto la ndani huendelea kushuka hata akiwa nje.

Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa asiingie. Mwenye selimundu (sickle cell) pia, maana baridi hubana mishipa na kuamsha maumivu makali. Anayenyanyua vyuma ili ajaze misuli asijitose mara baada ya mazoezi, kwani baridi hupunguza ukuaji wenyewe.

Na lile zoezi la pumzi, lenye ushahidi kuliko barafu, halifanywi ndani ya maji kabisa. Linashusha kaboni dayoksaidi kwenye damu, mtu anazimia bila dalili, na maji yanayofika kifuani tu yanatosha kumzamisha.