Naamka Utende, bahari haipo

Huku sokoni Majengo wananiita Sunami, na kwa vile shemeji yangu anaisimulia hii stori kwa chumvi ya kilo mbili, acha niitoe mwenyewe.

Mimi mtu wa Dodoma, maji mengi niliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo. Sasa shem anakaa Mafia, kijiji cha Utende, akaniita nikatembee. SGR mpaka Dar, kesho yake gari ya Nyamisati, boti mpaka Kilindoni (nilitapika hadi mlenda wa juzi, tuyaache hayo), bajaji mpaka Utende, nikafika jioni. Pazuri jamani! Ghuba ya Chole imekaa kama bakuli, mbele yako kisiwa cha Chole, nyuma yake Juani kwenye magofu ya Kua, kusini kule Jibondo, katikati maji ya bluu mashua zinaelea. Nikala wali na pweza wa nazi, nikalala fofofo.

Saa nne asubuhi naenda ufukweni, bahari haipo.

Sitanii, haipo! Tope na nyasi tu, mashua zimelala ubavu. Ikanijia ile ya Desemba 2004, si tulisikia bahari ikirudi nyuma ghafla basi sunami hiyo inakuja? Nikatoka nduki kuelekea kijijini, "sunamiii, kimbieniii!" Bibi mmoja na fimbo yake ya pweza ananiangalia tu. "Baba, maji yamekupwa. Alasiri yatajaa." Kumbe kila siku yanatoka na kurudi mara mbili, na siku za bamvua ndo yanaenda mbali kabisa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Ili kufuta aibu nikajifanya mwenyeji, nikavua suruali na viatu nikaweka juu ya jiwe, nikabaki na bukta, nikawafuata kina mama kutafuta pweza. Mguu ukazama topeni hadi gotini, sishangai, jiji letu lenyewe wanasema lilipata jina kwa tembo aliyezama. Wenzangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bibi ananiita "baba, yanajaa hayo!", mimi nacheka tu, mara hii sikimbii ng'o. Kugeuka, jiwe silioni. Suruali, viatu, nauli ya kurudi mfukoni, vyote vimeenda kusalimia Juani. Nilirudi kwa shem maji yananichuruzika, nimejifunga kanga ya bibi, na picha ipo kwenye grupu la ukoo hadi leo.

Juzi maji ya bomba yamekatika mtaani, jirani akapaza sauti nyuma ya ukuta: "Sunamiii, huku yamekupwa, mbona hukimbii?"